Klachi ya mafuta inayovuja kwenye pikipiki: namna ya kupatafuta panapovuja na kupatengeneza

Pikipiki nyingi tunazoziona Kigoma, kuanzia vijiwe vya bodaboda vya Mwanga hadi Ujiji, zina klachi ya waya, na mwenye Boxer au TVS ya kawaida hatakutana na tatizo ninalolieleza hapa. Klachi ya mafuta iko kwenye pikipiki kubwa, kama vile Honda Varadero XL1000V, Suzuki DL1000 V-Strom, Yamaha XT1200Z, KTM 990 Adventure na BMW R1150GS, ambazo kwetu huja zaidi na wasafiri wanaoshuka kutoka Burundi kwa njia ya Manyovu, pamoja na wenyeji wachache wanaozipenda na kuzitunza. Kuitambua ni rahisi. Ukiona upande wa kushoto wa usukani kuna kikopo chenye kifuniko, kinachofanana na kile cha breki ya mbele kilichoko kulia, basi klachi hiyo inasukumwa na mafuta.

Ukivuta mkono wa klachi, pistoni ndogo iliyo ndani ya masta ya juu husukuma mafuta (kwenye nyingi ni mafuta ya breki) kwenye paipu hadi masta ya chini, iliyofungwa ubavuni mwa injini au nyuma ya giaboksi. Pistoni ya masta ya chini nayo husukuma ufito mrefu wa chuma, na ufito huo ndio unaoziachanisha pleti za klachi, yaani sahani zinazounganisha injini na giaboksi. Mafuta yaliyomo kwenye mfumo mzima hayajai kikombe cha chai, na hiyo ndiyo sababu matone machache tu kwa siku yanatosha kukuacha njiani.

Kabla ya kushika spana yoyote, lipo jambo ambalo ningependa kila mwenye pikipiki ya namna hii alielewe vizuri, kwa kuwa kutolielewa ndiko kunakowafikisha wengi pabaya. Kwenye breki, kushuka kwa mafuta taratibu ni kawaida, maana pedi zinapolika pistoni husogea nje na mafuta hufuata kujaza nafasi iliyoachwa. Kwenye klachi mambo huenda kinyume: pleti zinapolika, ufito hurudi nyuma kidogo kidogo, pistoni ya masta ya chini hurudishwa ndani, na mafuta hupanda kwenye kikopo. Kwa hiyo klachi iliyo nzima haishushi mafuta yake. Yakishuka hata kwa unene wa ukucha, kuna mahali pamevuja, na mtu anayejazia kisha akaendelea na safari hajatengeneza kitu, ila ameahirisha siku ya kukwama. Sababu hiyohiyo ndiyo inayokataza kujaza kikopo hadi mdomoni: mafuta yanapopanda na kukosa nafasi, pistoni hairudi mwisho wa njia yake, na klachi huanza kuteleza ingawa hakuna kilichoharibika.

Dalili, na namna ya kuzisoma

Dalili ya kwanza huonekana mkononi. Mkono wa klachi unakuwa mlaini kuliko ulivyozoea, au unafika karibu kabisa na usukani ndipo gia ikubali kuingia. Nyutro haipatikani ukiwa umesimama na injini inawaka, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, na pikipiki inataka kutambaa mbele ingawa umeshika klachi hadi mwisho. Ikiwa mvuto wa kwanza wa asubuhi ni mtupu na wa tatu au wa nne unakuwa na nguvu, hewa imeingia kwenye mfumo, kwani hewa hubanika na mafuta hayabaniki. Na hewa huingia palepale mafuta yanapotokea.

Hali moja huwachanganya hata mafundi wenye uzoefu: mkono umelegea, lakini kikopo kimejaa na hakuna unyevu popote. Washa injini, shika klachi, tia gia ya kwanza huku umebana breki ya mbele, kisha ubaki umeshika klachi kwa nguvu ileile kwa muda wa dakika moja. Ikiwa pikipiki inaanza polepole kuvuta mbele bila wewe kulegeza mkono, mafuta yanapenya ndani ya masta ya juu, yakipita pembeni ya sili ya pistoni, yaani mpira unaozuia mafuta yasipenye, na kurudi kwenye kikopo. Uvujaji wa namna hiyo hauachi tone chini, na hutengenezwa kwa kubadili sili za masta ya juu peke yake.

Kupatafuta panapovuja

Kwa uvujaji wa nje, osha kwanza. Vumbi letu jekundu likichanganyika na grisi ya mnyororo hutengeneza tope jeusi ambalo huficha kila kitu, na kwenye pikipiki nyingi za mnyororo masta ya chini imejificha upande wa kushoto, karibu kabisa na sproketi ya mbele, yaani mahali pachafu kuliko pote. Toa kifuniko cha sproketi, osha kwa maji na sabuni, futa, kisha acha pakauke kabisa. Baada ya hapo mimi huchukua poda ya watoto na kuinyunyiza kwa wepesi sehemu nne: chini ya mkono wa klachi, kwenye maungio mawili ya paipu, yaani la juu na la chini, na kuizunguka masta ya chini. Vuta mkono wa klachi mara hamsini hivi, kisha ufunge kwenye usukani kwa kipande cha mpira wa tyubu na uiache pikipiki usiku kucha. Asubuhi poda nyeupe itakuonyesha mstari mweusi wa unyevu, na ufuate mstari huo kwenda juu hadi unapoanzia, maana mafuta hutiririka na tone linaloning'inia chini ya injini linaweza kuwa limetoka kwenye ungio la juu.

Ukipata unyevu karibu na masta ya chini, usiihukumu mapema. Ufito wa klachi hutokea kwenye tundu la injini lenye sili yake, na sili hiyo ikichoka, oili ya injini hutoka na kuilowesha masta ya chini kwa nje. Nimewahi kuona mtu ameagiza masta mpya kutoka Dar es Salaam, akasubiri kwa wiki mbili, akaifunga, na mvujo ukabaki palepale, kwa kuwa kilichokuwa kinavuja ni injini. Kipimo chake hakigharimu chochote. Chovya ncha ya bisibisi kwenye unyevu ule, kisha iguse juu ya maji safi kwenye glasi. Oili ya injini itatanda juu kama ngozi nyembamba yenye rangi za upinde wa mvua. Mafuta ya breki yatazama na kuyeyuka majini kama sukari, na ukikoroga hutayaona tena. Kipimo hiki hakifai kwa klachi chache zinazotumia mafuta ya madini, yaani oili isiyo mafuta ya breki, kwani hayo nayo huelea. Huko itakubidi utegemee rangi na harufu.

Chini ya mkono wa klachi, vuta pembeni kimpira kinachofunika pistoni ya masta ya juu. Pakiwa pamekauka, sehemu hiyo ni nzima. Ukikuta unyevu, au rangi ya usukani imevimba na kubanduka chini yake, sili ya nyuma ya pistoni imekwisha. Maungio ya paipu hujieleza yenyewe, na paipu ya mpira iliyopasuka huonekana ukiikunja kidogo kwa vidole.

BMW R1150GS na ndugu zake zinahitaji tahadhari ya peke yake. Klachi yao ni kavu, na masta ya chini iko nyuma ya giaboksi, hivyo mafuta yakivuja yanaweza kuufuata ufito hadi kwenye pleti ya klachi na kuilowesha. Mafuta yakipungua kwenye kikopo na usione tone lolote nje, usiendeshe kwa kujaribu. Pleti iliyolowa mafuta ya breki hubadilishwa, na kazi hiyo inahitaji pikipiki kupasuliwa katikati.

Mafuta gani

Soma maandishi yaliyo juu ya kifuniko cha kikopo, kisha utii. Nyingi zimeandikwa DOT 4, ambayo ni daraja la mafuta ya breki. Mafuta hayo yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunywa unyevu wa hewani, na yakishalowa kiwango hicho hushuka hadi 155. Hapa Kigoma, penye unyevu wa ziwa, chupa iliyofunguliwa na kukaa rafuni miezi mingi haifai tena hata ikiwa imebaki nusu. Nunua chupa ndogo iliyofungwa, na ubadili mafuta ya klachi kila baada ya miaka 2. BMW R1200GS za mwanzo na baadhi ya KTM hutumia mafuta ya madini, na aina hizi mbili hazichanganywi kamwe, kwa sababu mpira wa sili hutengenezwa kwa kufuata aina moja tu.

Nilipokea pikipiki moja kubwa iliyotoka Kibondo ikiwa imejaziwa njiani ile oili nyekundu ya pawasteringi. Nilipofungua masta ya juu, sili ambayo ingetakiwa kuteleza kwa kusukumwa na kidole kimoja ilikuwa imevimba kama maharage yaliyolala majini, na pistoni haikuweza kurudi. Sili za juu, sili ya chini, paipu na kimpira cha kifuniko, vyote vilitupwa, na mfumo ulioshwa mara tatu. Oili ya injini, mafuta ya kula na mawese hufanya madhara hayohayo. Ukiwa huna mafuta sahihi, ni afadhali kusubiri.

Kufungua na kutengeneza

Mafuta ya breki hula rangi, kwa hiyo funika tangi kwa kitambaa kilicholowa na uweke ndoo ya maji karibu. Tone likianguka, limwagie maji mengi papo hapo bila kufuta kwanza. Futa kifuniko cha kikopo kabla ya kukifungua, maana punje moja ya mchanga ikiingia ndani itachubua silinda ya masta.

Ikiwa panapovuja ni kwenye ungio la paipu, fungua bolti yenye tundu katikati, toa washa mbili zilizobana kichwa cha paipu, na uweke mpya. Usijaribu kuzuia mvujo kwa kukaza zaidi, kwa kuwa washa iliyokwisha kubanwa mara moja imeshachukua umbo lake, na bolti yenye tundu hukatika kwa urahisi. Ukikosa washa mpya na zilizopo ni za shaba, zichome kwa moto hadi ziwe nyekundu kisha uzitumbukize majini. Shaba hulainika tena na kukubali kubanwa. Usifanye hivyo kwa washa za aluminiamu, ambazo huyeyuka kabla hujajua zimepata moto wa kutosha. Paipu iliyopasuka haizibwi kwa namna yoyote, hubadilishwa.

Masta ya chini ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi, na sababu yake ni tope la sproketi pamoja na unyevu ambao huzama sehemu ya chini kabisa ya mfumo. Fungua bolti zake, ambazo mara nyingi ni tatu, lakini usiitoe paipu kwanza. Ivute masta taratibu kutoka kwenye injini na uache ufito ubaki mahali pake. Izungushie kitambaa, kisha vuta mkono wa klachi polepole: mafuta yaleyale yatakusukumia pistoni nje bila kutumia koleo, ambalo huacha makovu. Hapo ndipo uiachanishe na paipu. Mwenye kutumia kompresa afanye hivyo kwa upepo mdogo sana na asiweke kidole mbele ya pistoni, kwani hutoka kama risasi.

Sasa osha silinda kwa spiriti, na kamwe usitumie petroli kwenye kitu kitakachogusana na sili. Igeuze kwenye mwanga wa jua na uitazame kwa ubavu, si kwa kuielekeza machoni moja kwa moja, maana vishimo vidogo vya kutu huonekana kwa kivuli chake. Pitisha ukucha wa kidole gumba ndani, sehemu ambayo sili hupita. Ukucha ukiteleza bila kukwama na unachokiona ni doa tu, silinda inafaa. Ukikwama, hata kwa kishimo kimoja, sili mpya itavuja tena ndani ya miezi michache, na hapo ninashauri kununua masta nzima. Najua bei yake inauma, na ninajua vipuri vya pikipiki hizi havipatikani madukani Kigoma, lakini kusugua silinda kwa msasa ni kujidanganya: silinda nyingi za aluminiamu zina ngozi ngumu juu yake, na msasa huiondoa.

Ikague pistoni kwa njia hiyohiyo, kisha vaa sili mpya. Mdomo wa sili, ule upande uliopanuka kama kikombe, hutazama kule mafuta yaliko, ili nguvu ya mafuta iufungue na kuubana kwenye ukuta wa silinda. Ukiugeuza, mafuta yatapita kama hakuna kitu. Kabla ya kuitoa ile ya zamani, ipige picha kwa simu. Paka sili na silinda mafuta mapya ya breki, yale yale yatakayojazwa, bila grisi, kisha sukuma pistoni kwa vidole gumba viwili ikiwa imenyooka. Ikikataa, itoe na uanze upya. Ukilazimisha, mdomo wa sili hukunjika. Kabla ya kuirudisha masta, safisha ncha ya ufito na ubadili sili ya injini iliyo kwenye tundu lake ikiwa ina dalili ya kuvuja, maana umeshafika hapo na kazi ya kufungua imekwisha.

Masta ya juu hutengenezwa kwa kanuni zilezile, isipokuwa pistoni yake imezuiwa na pete ya chuma inayotolewa kwa plaizi nyembamba, na nyuma yake kuna springi; weka kiganja mbele unapoitoa. Chini ya kikopo, ndani, utaona matundu mawili, na moja ni dogo kama tundu la sindano. Tundu hilo ndilo linaloruhusu mafuta kurudi, na likizibwa na tope la mafuta ya zamani, klachi hubaki imeshikwa nusu na kuteleza mlimani. Lizibue kwa uzi mmoja wa waya wa umeme, bila kulipanua.

Kutoa upepo

Kazi hii huwashinda watu kwa sababu hewa hupanda juu nasi tunailazimisha kushuka. Njia ninayoiamini ni kujaza kutoka chini. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 50, livalishe mpira mwembamba unaobana vizuri, lijaze mafuta mapya, na usukume hadi mpira wote ujae na upepo umetoka. Uchomeke kwenye nipeli ya masta ya chini, yaani kile kichuchu cha kutolea upepo, legeza nipeli kwa robo ya mzunguko, kisha sukuma polepole huku mwenzako akitazama kikopo na kupunguza mafuta yanapokaribia kumwagika. Mapovu yatapanda na kutokea juu yenyewe. Funga nipeli kabla ya kuchomoa mpira.

Malizia kwa njia ya kawaida: geuza usukani ili masta ya juu iwe mahali pa juu kuliko pote, vuta mkono mara kadhaa na uushike, fungua nipeli, mafuta yatoke, funga nipeli, ndipo uachie mkono. Usiuachie mkono nipeli ikiwa wazi, wala usiruhusu kikopo kikauke. Mapovu ya mwisho hupenda kujificha kwenye ungio la paipu la juu, na huko hutolewa kwa kushika klachi kwa nguvu, kulegeza bolti kwa sekunde moja ikiwa imezungushiwa kitambaa, na kuikaza tena kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Mkono ukiwa bado una ulaini kidogo, ufunge kwenye usukani kwa mpira wa tyubu hadi asubuhi. Mara nyingi unakuta umekaza wenyewe, kwani vipovu vidogo vimepata muda wa kupanda.

Ikikukuta mbali

Mtu anaweza kukwama kati ya Uvinza na Malagarasi, mbali na fundi yeyote. Klachi ikifa kabisa, pikipiki bado inaweza kukufikisha. Washa injini ikiwa nyutro, isukume hadi kasi ya mtu anayetembea haraka, panda, kisha tia gia ya kwanza kwa mguu ulio imara. Ukishatembea, gia hupanda bila klachi ukipunguza petroli kidogo kwa mkono wa kulia wakati wa kuinua kwa mguu. Tafuta nyutro kabla hujasimama, na usifanye hivi mjini wala ukiwa umebeba abiria.

Kujaribu

Osha kila ulipogusa, funga vifuniko, na uweke alama ya kalamu kwenye kikopo mahali mafuta yalipo. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, au uinue gurudumu la nyuma, washa, shika klachi na utie gia ya kwanza; gurudumu likizunguka kidogo, lazima lisimame ukiligusa kwa breki bila injini kulemewa. Kisha ipeleke barabarani. Mimi hushuka hadi stesheni ya reli na kupanda tena kuelekea Mwanga kwa gia ya tatu, nikifungua petroli ghafla katikati ya mlima: injini ikipanda mlio bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza, na huenda tundu la kurudishia mafuta bado limeziba au kikopo kimejazwa kupita kiasi. Ukirudi, futa chini ya masta mbili kwa karatasi nyeupe, na urudie kufanya hivyo kila asubuhi kwa siku 7 huku ukiitazama ile alama ya kalamu.